Mchuzi kwa mgonjwa, nyama kwa wageni: mlo wa mzee wangu baada ya kukatwa utumbo

Kijukuu wa Rombo (mleta mada)

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Miaka yote humu nimekuwa msomaji wa kimya. Leo nafungua uzi kwa sababu nina wiki ya tatu jikoni na nina la moyoni.

Mzee wangu ana miaka 68. Alikuja Dar kunisalimia, siku ya nne tumbo likaanza kumjaa. Siku mbili hakwenda haja, hakutoa hewa, tumbo limekaza kama ngoma, ukiligonga linalia. Tukasema gesi hiyo, akapewa tangawizi. Alipoanza kutapika ndipo tukakimbilia hospitali, kumbe utumbo mpana umejisokota. Saa 8 usiku akaingizwa chumba cha upasuaji, kipande kilichokuwa kimeanza kufa kikakatwa, ncha mbili zikaunganishwa.

Upasuaji wenyewe si mada yangu. Mada ni chakula.

Siku za mwanzo wodini alikuwa na mpira puani na dripu mkononi, mdomoni hakuna kitu. Kila asubuhi daktari anapita na swali lilelile: "Mzee, umejamba?" Baba yangu ni mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake. Siku ya kwanza aligeukia ukutani. Siku ya tatu, ilipotokea, alimnong'oneza nesi kama anayeungama, na jamaa wa kitanda cha jirani aliyesikia akaitangazia wodi nzima. Watu walipiga makofi. Ndipo akaanza maji kwa kijiko, kesho yake uji mwepesi, halafu mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama.

Tuliruhusiwa siku ya tisa na karatasi ya mistari miwili: vyakula laini, ale protini. Basi.

Nyumbani mlango haukufungwa. Jirani wa kulia: mayai asiguse, yanatia usaha kwenye kidonda. Wa kushoto: maziwa vilevile, na maharage, na samaki asiye na magamba. Mjomba akapiga simu kwamba nyama nyekundu inavimbisha mshono. Nilipojumlisha makatazo yote, kilichobaki halali kilikuwa uji na chai ya rangi.

Kisha shangazi akashuka na basi kutoka Rombo na mkungu wa ndizi mshare. Shangazi yangu haulizwi kitu jikoni. Akabandika supu ya ng'ombe sufuria kubwa, mtaa mzima ukanukia. Ilipoiva akaichuja. Mchuzi ukaenda kwa mgonjwa kwenye kikombe, nyama ikaenda sebuleni kwa wageni. Na wageni, ndugu zangu, walikuwa hawakosekani. Nikamuuliza, shangazi, mbona mgonjwa hapati nyama? Akasema nguvu yote imeshaingia kwenye mchuzi, ile nyama ni makapi tu. Makapi hayo yalikuwa yanagombewa.

Wiki ya pili pembe ya chini ya kidonda ilikuwa bado haijafunga, na mzee anatembea ameishikilia suruali kwa mkono. Nikampeleka kliniki. Nesi akaniuliza anakula nini, nikamtajia. Akachukua kalamu akaandika nyuma ya kadi: mgonjwa aliyepasuliwa anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake. Mzee ana kilo 58, kwa hiyo ni gramu 70 mpaka 87 kwa siku. Bakuli la uji mtupu lina gramu 3 hivi. Akaniuliza, anakunywa mabakuli mangapi? Manne. Akaandika 12, akazungushia duara, akanirudishia kadi bila kusema neno.

Tangu siku hiyo jikoni nimeshika mimi. Waliopitia haya, nyie mlikula nini? Na shangazi nimwambieje bila kuvunja ukoo?

---

Mtu wa Kawe

Mimi nipo sebuleni pale, nasubiri hayo makapi.

---

NesiWaZamu

Mleta mada, pole na hongera, maana wanaume wanaoshika mwiko kwa ajili ya mgonjwa nawahesabu kwa vidole.

Nianze na lile la kujamba, kwa sababu watu wanalicheka na lina maana yake. Utumbo ukishikwashikwa kwenye upasuaji, hulala. Utumbo mwembamba huamka mapema, ndani ya siku moja hivi. Mfuko wa chakula huchukua siku moja au mbili, na utumbo mpana ndio mvivu, huenda mpaka siku ya tatu. Hewa ikitoka chini tunajua njia imefunguka mpaka mwisho. Ndiyo maana zamani mgonjwa hakupewa hata tone kabla ya hapo.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kuanzia miaka ya 1990 mpasuaji mmoja wa Denmark, Henrik Kehlet, alionyesha kuwa wagonjwa wengi wakinyweshwa na kulishwa mapema, wakatolewa kitandani mapema na wakatulizwa maumivu vizuri, wanapona haraka kuliko wakifungishwa. Kwa hiyo utakuta wodi moja inasubiri hewa, nyingine inampa mgonjwa maji jioni ileile. Usigombane nao, kila daktari anaangalia alichokikuta ndani. Mzee wako aliingia kwa dharura, utumbo umevimba, umeanza kufa. Kuwa mwangalifu hapo ni haki.

Kuna kitu cha bei ya shilingi mia kinachosaidia: bigijii. Mgonjwa akitafuna, mwili unadhani chakula kinakuja na utumbo unaanza kujongea. Kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji hili limepimwa na linafanya kazi. Muulize daktari wako kwanza, halafu mtafute muuza duka.

Sasa yai. Usaha hutokana na vijidudu vilivyoingia kwenye kidonda. Havijali umekula yai au hukula. Wanaonufaika na mwiko wa yai ni waliobaki mezani na trei.

Maharage nawapa nusu haki. Hayatii usaha, lakini yanatia gesi, na gesi kwenye tumbo lenye mshono ni mateso. Aanze kidogo, yaliyolowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, yakapikwa mpaka yakapondeka, na kwa mzee wako si wiki hizi.

---

Mama Wawili Tanga

Mimi ni mzazi wa visu viwili, 2016 na 2021, kwa hiyo hii shule nimeisoma mara mbili.

Wa kwanza nililelewa na mama mkwe. Mwanamke mzuri, Mungu amrehemu, lakini kwake mzazi ni uji wa pilipili manga asubuhi, mchana na usiku. Ninaupenda uji ule, unapasha mwili na maziwa yanashuka. Ila siku ya sita nilikuwa sijapata choo na nilikuwa nalia. Sindano na vidonge vya maumivu vinafunga choo, maji nilikuwa nakatazwa eti tumbo litabaki kubwa, mboga nimekatazwa eti zinamharishia mtoto. Ile siku niliyopata choo sitaisimulia hapa, kuna watu wanakula.

Wa pili nilikuwa kwa mama yangu. Asubuhi uji uleule, lakini wa maziwa. Saa 4 mayai mawili ya kuchemsha. Mchana wali kidogo, samaki wa nazi, matembele mengi, kipande cha papai. Maji chupa iko kando ya mkeka, kila nikinyonyesha nakunywa. Jioni supu ya kuku wa kienyeji PAMOJA NA KUKU MWENYEWE. Siku ya tatu nilipata choo kama mtu.

Na kutembea. Mama alikuwa ananiinua, "twende tukamsalimie mwembe", mpaka mwembeni na kurudi. Ile gesi inayochoma ubavuni haiondoki kwa dawa kama inavyoondoka kwa kutembea.

---

Kijukuu wa Rombo

@NesiWaZamu bigijii ningeijua mapema ningenunua boksi.

@Mama Wawili Tanga sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Wewe matembele yamekuokoa, na kliniki wameniambia mzee mboga za nyuzinyuzi apunguze. Nani yuko sahihi?

---

NesiWaZamu

Wote. Yeye utumbo wake haukukatwa, kilichokatwa ni ukuta wa tumbo na mfuko wa uzazi ili mtoto atoke. Choo kigumu ndicho adui yake, kwa hiyo mboga, matunda na maji. Mzee wako ana kiungo kibichi ndani. Wiki za mwanzo tunataka kitu laini kisichoacha makapi mengi: mtori, viazi vya kuponda, wali laini, yai, samaki asiye na miiba, kuku aliyechambuliwa, papai, parachichi kidogo. Mahindi ya kuchoma, karanga nzima, nyama ya kutafuna dakika tano, maganda ya maharage, nyuzi za chungwa na za embe, vyote visubiri mpaka daktari aseme. Halafu unarudisha kimoja kimoja, siku mbili tatu kati yake, ili kitakachomkera ukijue kwa jina.

Sahani ndogo mara sita, si mara tatu zilizojaa. Na meno! Watu wanasahau meno. Kama hana magego, wewe ndiye magego yake.

---

Taya la Chuma

Mkuu, nyie mnazungumzia wagonjwa wanaofungua mdomo. Mimi nilianguka na bodaboda Mbezi, taya likavunjika pande mbili, wakanifunga waya juu na chini. Wiki sita. Sitafuni, sipigi mswaki vizuri, sipigi miayo. Nakula kwa mrija kupitia pengo la jino lililong'oka palepale kwenye lami. Daktari alisema nina bahati ya pengo, sikujua kama nicheke.

Wiki ya kwanza nilikuwa nakunywa juisi ya boksi na mchuzi, nikashuka kilo tano. Dada yangu akanunua blenda, akaanza kunisagia kila kilichopikwa nyumbani. Mtori, sawa. Ndizi mbivu, maziwa, siagi ya karanga na asali, hiyo ilinishika, nilikuwa nakunywa glasi tatu kwa siku. Dagaa wa kusaga kwenye uji: dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, bei yao unaijua, ila harufu ya uji huo uwe na moyo. Siku ya Idi walinisagia pilau. Rangi yake sitaieleza. Nilifumba macho nikanywa, na ladha, wallahi, ilikuwepo.

Kitu nilichoambiwa na ninawaambia wenye waya: koleo la kukatia waya lilale kando ya mto wako wa kulalia. Ukitapika na mdomo umefungwa huna dakika za kutafuta funguo za stoo.

---

Mzee wa Kahawa

Vijana mnahesabu gramu kama mnauza dhahabu. Sisi mwaka 1979 nimepasuliwa ngiri, nimekunywa uji na mchuzi, na niko hapa naandika. Bibi zetu hawakuwa na kalamu nyuma ya kadi. Hao wazungu wa Denmark waliwahi kula mtori?

---

NesiWaZamu

Shikamoo mzee wangu. Kupona na uji mtu anaweza, hasa akiwa kijana na ngiri ilikuwa ndogo. Ulikuwa na nyama yako mwilini, mwili ukakopa humo. Mzee wa miaka 68 aliyekaa siku tisa wodini hana cha kukopesha, ndiyo maana suruali inadondoka.

Na bibi zetu hawakukosea kwenye mtori. Ndizi laini, nyama, siagi au maziwa: ukinipa kazi ya kubuni chakula cha mtu aliyekatwa utumbo nitarudi palepale. Tulichokosea ni kuuchuja.

---

Mzee wa Kahawa

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye kuchuja nimekuelewa. Nakumbuka hata mimi nyama ilikuwa inaliwa na kaka zangu.

---

Wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nilitolewa mfuko wa nyongo, ule upasuaji wa matundu madogo. Nilirudi nyumbani kesho yake, nikajiona shujaa, Ijumaa nikala biriani na viazi vya kukaanga. Usiku ule choo kilikuwa ni chumba changu cha kulala.

Daktari akanieleza: nyongo bado inatengenezwa na ini, ila ghala halipo tena, inadondoka kidogo kidogo tu. Mafuta mengi kwa mkupuo yanakosa wa kuyapokea. Basi miezi miwili nikala samaki wa kuchemsha na ndimu, wali mweupe, tui la nazi jepesi la mara ya pili na ya tatu. Sasa mahamri nala, mawili, wala sijitii wazimu wa manne.

---

Sukari Chini

Kwa wenye kisukari, ndugu zangu. Mama alikatwa kidole cha mguu, na wageni walivyo na upendo, kila mmoja kaja na pakiti ya glukozi na soda. "Apate nguvu." Sukari ikapanda, kidonda kikagoma. Sukari ikiwa juu damu haifanyi vizuri kazi yake ya kupigana na vijidudu. Tuliweka kikaratasi mlangoni: MGENI, LETA MAYAI. Wengine walinuna. Trei nne tulizipata ndani ya wiki.

---

Kijukuu wa Rombo

@Sukari Chini hiyo ya kikaratasi nimeiiba, nimebandika.

Sasa ya shangazi. Safari hii sikumwambia chochote. Nilimpigia nesi wa kliniki, nikampa simu shangazi waongee wenyewe, nikatoka nje. Niliporudi alikuwa ananuna lakini ananoa kisu. Akasema, "Mbona hukusema kuwa ni daktari kaagiza nyama? Ulisema wewe." Kumbe tatizo lilikuwa ni mimi kuwa mtoto.

Kwa hiyo sasa tunapika hivi. Nyama ya mfupa nusu kilo inachemka kwa moto mdogo saa mbili na ushee, mpaka ukiigusa inaachia. Shangazi anamenya mshare kama kumi, anazichemsha na kitunguu na karoti moja. Nyama naitoa mimi, naichambua mishipa, naitwanga kwenye kinu mpaka inakuwa kama pamba. Ndizi zinapondwa, mchuzi unarudi, ile nyama ya kinu inarudi yote, na maziwa kikombe. Chumvi kidogo, pilipili hakuna. Mwanzoni shangazi alisema nimeua mtori, siku ya tatu nilimkuta anajipakulia.

Asubuhi mayai mawili, yamevurugwa laini. Saa 4 maziwa mgando glasi moja. Saa 7 mtori. Saa 10 uji wa maziwa wenye siagi ya karanga laini kijiko kimoja. Usiku sangara wa kuchemsha na viazi vya kuponda, saa 3 maziwa tena. Nimejumlisha kwa kalamu yangu, napata kama 75.

Swali: vidonge vya kuongeza damu alivyopewa anavinywa na chai ya rangi. Sawa hiyo?

---

NesiWaZamu

Hapana. Chai inashika madini ya chuma kabla mwili haujayapata. Ameze kwa maji au juisi ya machungwa iliyochujwa, chai isubiri saa moja au mbili. Mapera yana vitamini C kuzidi machungwa mara kadhaa, ila ya mbegu kwake bado, msagie uchuje. Ubuyu pia, wa unga, si ule mwekundu wa pipi. Choo kikiwa cheusi asishtuke, ni vidonge hivyo. Kikiwa cheusi, cha kunata kama lami na harufu kali, hiyo ni damu, mlete.

Mengine ya kukimbia nayo: tumbo kujaa upya, kutapika, homa, kidonda kutoa majimaji yenye harufu au maji ya rangi ya choo. Kwa waliounganishwa utumbo tunaogopa zaidi siku ya tano hadi ya saba, mzee ameshapita hapo, lakini macho yabaki wazi. Na dawa za mitishamba za kusafisha tumbo asinywe. Tumbo lake limeshasafishwa na kisu.

Wenye figo zilizochoka msinakili hizi gramu. Zenu anapanga daktari wenu.

---

Mtu wa Kawe

Nimekuja kama mgeni nimekuta kikaratasi mlangoni. Nimerudi dukani kununua mayai. Uzi huu unanigharimu.

---

Kijukuu wa Rombo

Mrejesho, baada ya wiki tano.

Kidonda kimefunga. Jana tumepima, kilo 61 na nusu. Mkanda amerudi tundu mbili. Daktari ameruhusu mboga na nyama ya kawaida, tunarudisha kimoja kimoja kama nesi alivyosema. Mchicha umepita salama. Maharage yalimsumbua usiku mmoja, tumeyapa likizo.

Shangazi karudi Rombo juzi. Kaniachia kinu, kasema cha kwangu ni kidogo hakina adabu.

Leo asubuhi mzee kaniita nikadhani anaumwa. Ananiuliza kama Dar nzima hakuna mahali wanapochinja mbuzi wakapika kisusio, ile supu yetu ya mbuzi na damu yake. Nikamwambia baba, tukamuulize daktari Jumatano. Akasema, "Muulize wewe. Mimi ameshaniuliza maswali ya kutosha."